Nyumba Niliyoibomoa kwa Kuiosha

Nyumbani kwetu Kamembe, chujio lilikuwa kitu cha chai. Lilining'inia kwenye msumari jikoni, na kazi yake ilijulikana: majani ya chai hubaki juu, chai hushuka kikombeni. Ukimaliza, unaligonga ukingoni mwa sinki, unalisugua mpaka ling'ae na kulirudisha msumarini. Kwa Kinyarwanda tunaliita akayunguruzo, na maana ni ile ile. Kwa hiyo nilipokabidhiwa chujio la tangi la samaki, nilidhani nalijua tayari. Kosa nitakalolieleza hapa lilianza kwa neno hilo.

Tangi lilikuwa la mjomba wangu, kaka wa mama. Mjomba ni kinyozi, na saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, kinachotazama barabara. Juu ya meza iliyo mkabala na kiti cha kunyolea aliweka tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 35. Ukitoa nafasi ya mchanga na mawe, lilibeba kama lita 55 za maji. Ndani mlikuwa na mimea ya majini iliyosongamana kama kichaka, mawe meusi ya volkano tunayoyaita amakoro, na samaki wadogo wenye mikia ya rangi wanaoitwa gapi. Walikuwa 23.

Mjini petu samaki ni sambaza. Vijisamaki hivyo vililetwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hakuna soko la Kamembe lisilo na harufu yake. Kwa hiyo wateja wapya walicheka kila mara: "Kinyozi, hawa utawakaanga lini?" Lakini walipokaa kusubiri zamu yao walinyamaza na kutazama. Watoto waliokuwa wakilia kwa kuogopa mashine ya kunyolea walitulia wakielekezwa kwenye tangi. Lilikuwa sehemu ya kazi ya mjomba, kama vile kioo na taulo.

Machi 2020 bibi aliugua huko Bukavu. Mjomba akavuka mpaka kwenda kumuuguza, akiniambia atarudi baada ya wiki moja. Kabla wiki hiyo haijaisha, mipaka ilifungwa kwa sababu ya Korona. Shule zilikuwa zimefungwa, saluni zikafungwa, na mimi nilikuwa nyumbani sina la kufanya. Mjomba akaona ni heri abaki na mama yake. Kutoka uani kwetu tuliziona nyumba za Bukavu ng'ambo ya maji, lakini hatukuweza kufika. Kila jioni alipiga simu. Kwanza alitueleza habari za bibi bila kuficha: leo amekula, leo amekataa chakula, leo amemtambua jirani. Kisha aliniuliza mimi: "Samaki wanaendelea aje?"

Mwezi wa Aprili niliamua kumfurahisha. Nimekulia nchi ya umuganda, ambako Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi watu hutoka kufagia na kufyeka, na ambako mtoto hujifunza mapema kwamba uchafu ni aibu. Nilifungua kile kichujio cha mota kilichokuwa ndani ya tangi, nikakuta sifongo yake imejaa tope la kahawia. Nikashangaa mjomba aliiachaje hivyo. Niliiosha kwa maji ya bomba, nikaikamua na kuisugua mpaka ikarudi rangi yake ya buluu, kisha nikaianika juani kama nguo mpaka ikakauka. Nilisugua mawe pia. Nikang'oa karibu mimea yote iliyokuwa na mwani, nikamwaga maji ya zamani na kujaza mapya. Jioni tangi lilikuwa jeupe kama glasi dukani. Nilipiga picha nikamtumia. Hakujibu usiku ule, kwa sababu bibi alikuwa amezidiwa.

Siku ya tatu maji yaligeuka ukungu, kama mtu aliyamiminia maziwa kidogo. Samaki walipanda juu wakawa wanahema kwenye uso wa maji, matamvua yao mekundu. Nilidhani wana njaa, nikawaongezea chakula. Siku ya nne nilikuta watano wamekufa. Kufikia siku ya saba walikuwa wamekufa 17.

Siku zote hizo mjomba aliuliza, nami nilijibu kwamba wako wazuri. Niliona aibu, na pia nilijiambia kwamba mtu anayeuguza mama yake hapaswi kusumbuliwa kwa habari za samaki. Lakini jioni ya siku ya saba alituambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba bibi hakufumbua macho kutwa nzima. Hakutuficha kitu ili tulale vizuri. Halafu akaniuliza kuhusu samaki, nami nikashindwa kusema uongo mara nyingine. Nilimwambia yote, tangu sifongo mpaka jua.

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha Bukavu: "Ile haiko kitu ya kuchuja chai. Iko nyumba ya batu benye banatumika. Ulibomoa nyumba yabo."

Mhadhiri angeisahihisha sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, nami sasa najua kuisahihisha: si chujio la chai, ni nyumba ya watu wanaofanya kazi, nawe umeibomoa nyumba yao. Lakini sijapata maelezo bora kuliko hayo, hata katika vitabu nilivyosoma baadaye.

Watu hao ni bakteria. Samaki anapopumua na kunya, na chakula kinapooza, maji hupata amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia na mimea huitumia kama mbolea. Mwanasayansi Sergei Winogradsky alieleza habari za bakteria hao karibu mwaka 1890, akichunguza udongo. Hawaelei ovyo majini. Wengi wao hujishikiza kwenye kitu, na hupenda mahali penye matundu mengi ambapo maji yenye oksijeni hupita bila kukoma. Sifongo ya kichujio ni mahali hapo. Lile tope nililolionea haya lilikuwa mji mzima, na mji mpya huchukua wiki nne hadi sita kujengeka. Mimi niliuua kwa klorini ya bomba, nikaumalizia kwa jua. Kwa kung'oa mimea, iliyokuwa ikinywa sehemu ya amonia, niliondoa pia msaada wa pili.

Usiku ule mjomba alinipa amri nne. Usiwape chakula kwa siku tatu. Kila siku badilisha theluthi moja ya maji, kwa maji yaliyolala kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini iondoke. Nenda nyuma ya nyumba, kwenye beseni la zamani ninamotunza vipande vya mimea, ulete vyote pamoja na sifongo ya akiba iliyomo, usiioshe. Na usiguse kitu kingine.

Nilimuuliza kama nisingefanya vizuri zaidi kutafuta maji ya ziwani, kwa kuwa samaki huishi humo. Alikataa kabisa. Sababu yake niliielewa baadaye darasani. Maji ya Kivu yana alkali nyingi, pH yake hukaribia 9. Katika maji yenye pH 7 na joto la nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo katika umbo lake la sumu haifiki asilimia 1. Katika pH 9 hupita asilimia 30. Tangi lenye chujio hai halina shida sana na jambo hilo, maana amonia haikai. Tangi langu, ambalo amonia ilikuwa imejaa, lingewamaliza waliobaki kwa siku moja.

Hatukuwa na vipimo, kwa hiyo nilijifunza kusoma samaki wenyewe. Wakihema juu, bado. Wakishuka katikati na kuanza kudonoa majani, kuna nafuu. Mimea ya beseni ilisaidia kwanza, hasa ile isiyo na mizizi inayoelea kama mkia wa paka, ambayo wataalamu huiita Ceratophyllum demersum. Bakteria wakafuata polepole. Baada ya wiki tano hivi maji yalikuwa safi yenyewe, bila mimi kuyasafisha. Samaki sita waliishi. Bibi naye alipata nafuu kiasi cha kutolewa nje kuota jua, na mjomba alitutumia picha yake ameketi kwenye mkeka.

Mjomba aliporudi miezi mingi baadaye, hakuzungumza tena juu ya wale 17. Alisema tu tutafute chujio lingine, na safari hii nichague mimi na nimweleze kwa nini.

Nilichagua kati ya aina tatu. La kwanza lilikuwa lile la mota la zamani. Linachuja vizuri, lakini hufyonza vifaranga, na gapi huzaa kila mara. La pili ni la kopo lililofungwa, linalokaa chini ya meza na kuunganishwa na tangi kwa mipira miwili. Hilo linafaa matangi makubwa, kwa kuwa hubeba sifongo na mawe mengi. Lakini kwetu umeme hukatika. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria waliofungiwa ndani ya kopo humaliza oksijeni na kuanza kufa, na umeme ukirudi maji mabovu hurushwa yote tangini kwa mara moja. Ukiwa nalo lazima ulifungue na kulisuuza kabla ya kuliwasha tena. La tatu ni sifongo iliyochomekwa bomba katikati, inayosukumwa na pampu ndogo ya hewa. Mapovu yanapopanda ndani ya bomba huvuta maji kupitia sifongo. Umeme ukikatika, sifongo imo humo humo ndani ya maji na hewa kidogo huifikia. Vifaranga hawafyonzwi, na kikiharibika kitu ni pampu tu.

Nilichagua la tatu, na nilimweleza pia ubaya wake. Mapovu yana kelele. Halikamati vumbi dogo sana. Na msukosuko wa mapovu hufukuza hewa ya ukaa ambayo mimea huihitaji. Mwenye kupuliza hewa hiyo tangini kwa mtungi angekuwa anatupa pesa. Sisi hatuna mtungi, na mimea yetu ni ile isiyodai mengi, kwa hiyo tunafungulia mapovu kiasi tu. Kanuni ya kawaida ni maji ya tangi kupita kwenye chujio mara nne au tano kwa saa, yaani lita 220 hadi 275 kwa tangi letu. Lakini kipimo cha macho kinatosha: majani yayumbe kidogo, yasilale.

Chini ya bomba tuliweka kikapu cha plastiki chenye vipande vya amakoro. Mawe hayo yamejaa vitundu, na bakteria hawajali kama nyumba yao ilinunuliwa au iliokotwa.

Kosa moja nililifanya hata hapo. Niliiweka pampu sakafuni. Usiku umeme ukakatika, maji yakarudi kwa mrija, na asubuhi tulikuta saluni imelowa na pampu imekufa. Tangu siku hiyo pampu hukaa kwenye rafu juu ya usawa wa maji, na mrija una vali ndogo ya kuzuia maji yasirudi.

Kuitunza sifongo ni kazi ya dakika tano, kama mara moja kwa mwezi, au mapovu yanapoanza kuzubaa. Natoa ndoo ya maji ya tangi, ambayo ningeyabadilisha hata hivyo. Nachovya sifongo ndani ya maji hayo hayo na kuikamua mara tatu au nne, mpaka isiwe nzito. Siyo mpaka iwe buluu. Nairudisha ikiwa bado mbichi na bado ya kahawia. Siku hiyo sigusi mawe wala sing'oi mimea. Maji ya ndoo mama huyamwagia dodo zake, na zinastawi kuliko za jirani.

Sasa ninasomea Kiswahili chuoni, na kazi ya sifongo nimemwachia mdogo wangu wa kike. Likizo iliyopita nilimkuta ameibeba anaelekea bombani. Alisema kwa mshangao, "Kaka, lakini bado ni chafu!" Nilichukua karatasi nikaandika, nikaibandika kando ya tangi kwa gundi: "Ikamue kwa maji ya tangi. Usiipeleke bombani. Usiianike. Samaki wakifa, mwambie mjomba siku hiyo hiyo."