Ngozi Isipauke

Kabla kompyuta haijaingia studio, uso wa mtu ulisafishwa kwa penseli. Fundi aliyenifundisha kazi hii Tanga alikuwa na meza ndogo iliyoinama, yenye tundu la mraba katikati, na chini yake kioo cha kurudishia mwanga wa dirishani. Juu ya tundu aliweka negativu ya picha nyeusi na nyeupe, akaipaka dawa kidogo ili penseli ipate pa kushika, kisha akaanza kuigusagusa kwa ncha aliyoichonga kwa wembe mpaka ikawa ndefu na nyembamba. Hakuchora mistari. Aliweka nukta juu ya nukta, pale penye mkunjo au chunusi. Kwenye negativu mambo yote yamegeuka: doa jeusi la usoni huonekana kama sehemu nyepesi inayopitisha mwanga. Ukiiongezea risasi ya penseli, mwanga unazuiliwa, na pale mahali panatoka peupe zaidi kwenye karatasi. Ukizidisha, shavu linakuwa bapa na mtu hajijui.

Picha ikishatoka kwenye maji na kukauka, ilibaki kazi ya vumbi. Vumbi lililokaa juu ya negativu huacha vidoa vyeupe kwenye karatasi, na hivyo vilijazwa kwa wino na brashi ya nywele chache. Hapo fundi alishika pumzi.

Lakini sehemu kubwa ya mafunzo yake haikuhusu penseli wala wino. Ilihusu kuamua ni nini kiondolewe. Alikuwa akisema chunusi ni mgeni, kovu ni mwenyeji. Chunusi wiki ijayo haipo. Kovu mtu amekua nalo, wanawe wanamjua kwalo. Mzee mwenye alama ya sijda kwenye paji la uso hakumgusa hapo kabisa. Kijana mwenye jino lililovunjika alimuuliza kwanza. Naamini hii ndiyo iliyokuwa hekima ya studio zote nzuri za mwambao, kuanzia Capital Art Studio iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930 na Ranchhod Oza mpaka studio ya N. V. Parekh pale Mombasa. Ukizitazama picha zao za zamani unaona ngozi imetulia lakini bado ni ngozi, ina mng'ao wake na vinyweleo vyake.

Rangi ilipokuja kwa nguvu, penseli ilikosa kazi. Filamu iliyoenea ilikuwa ya milimita 35, na kila picha juu yake ni milimita 24 kwa 36 tu. Hakuna mkono unaoweza kurekebisha shavu lenye ukubwa wa punje ya mtama. Tena mashine za kusafishia picha zilitoa karatasi huku mteja akisubiri, na mteja anayesubiri hataki kusikia habari za meza iliyoinama. Kwa miaka kadhaa watu wakatoka kwenye picha kama kamera ilivyowaona. Bibi harusi akilalamikia chunusi, tulimshauri apake poda.

Halafu ikaja skana na kompyuta. Photoshop ilikuwa imetoka Marekani tangu mwaka 1990, kazi ya ndugu wawili, Thomas na John Knoll, lakini sisi tuliipata baadaye sana, ikiwa imepita matoleo mengi. Zana tuliyoitegemea ilikuwa muhuri wa kunakili. Unachukua kipande cha ngozi safi, unakibandika juu ya doa. Tatizo la muhuri ni kwamba hubandika kila kitu pamoja na mwanga wake. Ngozi ya upande wa dirisha ukiihamishia upande wa kivuli, kiraka kinajitangaza. Ilibidi kuchagua mahali pa kuchukua kwa uangalifu mkubwa, na kufanya kidogo kidogo.

Mwaka 2002 toleo la saba la programu hiyo lilileta brashi ya kuponya, na kwetu sisi tuliotoka kwenye penseli ilikuwa kama kupewa mkono wa tatu. Brashi hii haibebi rangi ya pale inapochukua. Inabeba tofauti ndogondogo kati ya nukta na jirani yake, yaani vinyweleo, mikunjo midogo, ule mchangamano unaoifanya ngozi iwe ngozi. Rangi na mwanga inavitafuta kwenye ukingo wa mahali unaporekebisha, kisha inavisambaza kuelekea ndani mpaka kila kitu kikubaliane. Mwaka uliofuata watafiti watatu wa Microsoft kule Cambridge, Uingereza, Patrick Pérez, Michel Gangnet na Andrew Blake, walichapisha makala iliyoeleza hesabu ya namna hii kwa kutumia mlinganyo wa Poisson, mwanahisabati Mfaransa aliyefariki mwaka 1840. Hesabu yenyewe siwezi kuikokotoa. Nilichokielewa, na ambacho kila mrekebishaji picha anapaswa kukielewa, ni kwamba ukingo ndio unaoamua. Ukipiga brashi karibu na nyusi, au karibu na pindo la mtandio mweusi, ule weusi wa ukingoni unavujia ndani na kuacha wingu shavuni.

Kwa ngozi zetu jambo hili ni zito. Ngozi nyeusi husomeka kwa mng'ao. Ule mwanga mdogo unaokaa juu ya paji la uso, juu ya mfupa wa shavu, ncha ya pua, ndio unaoonyesha umbo na afya ya mtu. Ukiufuta, au ukiupaka ukungu, uso unapauka. Hata mtu asiyejua lolote kuhusu picha ataona kuna kitu hakiko sawa: atasema huyu alikuwa mgonjwa.

Studio yangu ilipofika wakati wa programu za kulipia kila mwezi, tulihamia programu nyingine. Sitaitaja jina, kwa kuwa hitilafu za namna ninayotaka kuieleza huzikuta programu zote. Ilikuwa nzuri na tuliizoea. Tofauti moja tuliiona taratibu: toleo jipya halikuwa tena kitu unachokwenda kukinunua ukitaka. Lilikuja lenyewe kupitia intaneti, usiku, na asubuhi unakuta vitufe vimehama.

Sasisho lenye hitilafu liliingia msimu wa harusi, baada ya Idi. Wakati huo picha za kina mama zote zilikuwa mikononi mwa msaidizi wangu, binti niliyemfundisha mwenyewe. Kwenye kupamba, wanaume hawaingii. Yeye ndiye anayepiga picha, yeye ndiye anayezirekebisha, na mafaili hayo hukaa kwenye kompyuta yake ambayo mimi siifungui. Wateja wanatuamini kwa sababu hiyo.

Siku hiyo akaniita kutoka mlangoni.

"Fundi, brashi imeharibika. Inaacha uchafu."

"Uchafu wa namna gani?"

"Subiri niikuze picha, nikuonyeshe mkono tu."

Alikuza picha mpaka kwenye kioo cha kompyuta pakabaki kiganja na kifundo cha mkono wa bibi harusi. Piko na hina vilikuwa vimechorwa kwa ustadi wa ajabu, maua yanayopanda kuelekea kwenye kiwiko, mistari mingine myembamba kuliko unywele. Kati ya maua mawili kulikuwa na mkwaruzo mdogo. Alipiga brashi juu yake mbele yangu. Mkwaruzo ukaondoka, na mahali pake pakakaa duara la kijivu lenye ukingo mweusi, na jani moja la hina likayeyuka.

Kwa kawaida ningesema amekaribia mno mstari wa piko. Lakini akanionyesha sehemu nyingine, juu zaidi, ngozi tupu isiyo na mstari wowote. Matokeo yakawa yaleyale. Brashi ilikuwa ikifanya kila mahali kosa linalotokea karibu na nyusi, kana kwamba kila ukingo umegusa kitu cheusi.

Tulitafuta chanzo kwa njia ya zamani ya ufundi, kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vyote kama vilivyo. Tulirudisha mipangilio ya programu kama ilivyotoka kiwandani, hakuna kilichobadilika. Tukajaribu faili lenye biti 8, ambalo kila rangi ina ngazi 256 tu, na doa halikutokea. Kwenye mafaili ya biti 16, tunayoyatumia kwa harusi kwa sababu vivuli vya ngozi vinapanda taratibu bila kukatika, doa likarudi. Tukapiga brashi moja kwa moja juu ya picha badala ya kwenye tabaka tupu lililo juu yake, likapungua. Mwisho yule binti akazima kipengele kinachoipa kadi ya michoro kazi ya kukokotoa, akaiachia kompyuta yenyewe. Doa likapotea kabisa. Ila brashi sasa ilikuwa nzito, ukivuta mkono, alama inafuata nyuma baada ya muda. Kwa picha moja inavumilika. Kwa albamu nzima ya harusi mkono unauma.

Nikawaandikia wenye programu. Walijibu kwa adabu na kuomba wapelekewe faili lenye tatizo, pamoja na maelezo ya kadi ya michoro na draiva yake. Ombi lao lilikuwa la haki, hakuna fundi anayetengeneza asichokiona. Lakini faili lilikuwa la bibi harusi wa watu. Hata kipande cha mkono tu, mkono ule ulikuwa umepambwa kwa ajili ya macho fulani na si mengine, na sikuwa na ruhusa ya kuupeleka ng'ambo.

Basi nikaenda kwa mama yangu, kuomba nipige picha mkono wake badala ya ule. Vidole vyake vilikuwa bado na hina ya Idi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja na kamera?"

Nikamweleza. Akataka kujua nani watauona mkono wake. Nikamwambia ni mafundi wa kompyuta, wanataka kujua kwa nini brashi yao inaharibu ngozi. Alifikiri kidogo, akavua bangili, akauweka mkono juu ya kanga yenye maua makubwa, kisha akasema kanga itabadilisha rangi, tutandike nyeupe. Alisema kweli. Mwanga wa kanga nyekundu ungerudi juu ya ngozi na kutuchanganya sote. Tulitandika shuka nyeupe.

Picha ya mkono wa mama ilionyesha hitilafu vizuri kuliko ile ya bibi harusi. Ngozi ya mzee ina mikunjo mingi midogo, kila mkunjo na mng'ao wake, na brashi mbovu iliisawazisha yote ikawa plastiki yenye ukingo mweusi. Niliipeleka. Wakajibu kwamba wameweza kuitokeza hitilafu hiyo kwenye mashine zao na kwamba ingesahihishwa.

Wateja lakini hawasubiri sahihisho. Katika kipindi hicho nilimfundisha yule binti kitu ambacho sikuwahi kumfundisha kwa sababu brashi ilikuwa inatosha. Unaweka matabaka mawili juu ya picha, moja la kuongeza mwanga, moja la kutia giza. Unachukua brashi ya kawaida, nyepesi sana, nguvu yake ndogo kiasi kwamba mguso mmoja hauonekani. Kisha unagusa, nukta juu ya nukta, pale palipo na giza lisilotakiwa unaangaza, pale palipozidi mng'ao unatuliza. Hunakili chochote. Ngozi inabaki ileile, vinyweleo vilevile, mwanga tu ndio unaohama. Ni kazi ya penseli kwenye negativu, tofauti ni kwamba hapa unaweza kurudi nyuma.

Mwanzoni alichoka. Alisema kwa njia hii atamaliza uso mmoja wakati kwa brashi angemaliza ukoo mzima. Lakini baada ya muda nikaona anaanza kuuliza maswali ambayo hakuwa akiyauliza. Mikunjo hii ya chini ya macho tuipunguze au tuiache? Huyu bibi amecheka, ukitoa mistari ya kicheko kinabaki nini? Brashi ya kuponya ilikuwa imemzoesha kuondoa kila kinachoondoka. Brashi nyepesi ilimlazimisha kuamua kila mguso kabla ya kuufanya, kwa kuwa kila mguso ulimgharimu muda.

Sahihisho lilikuja, brashi ikapona, nasi tukairudia kwa furaha. Sina sababu ya kuikataa zana nzuri. Ila mpangilio wa studio haukurudi kama zamani. Chunusi, vumbi na mikwaruzo tunaipa brashi. Uso, kwa maana ya umri na tabia ya mtu, tunaufanya kwa mwanga na giza, kwa mkono. Hata bei tumeitenganisha, na wateja wameelewa haraka kuliko nilivyotarajia, hasa wanaoleta picha za marehemu. Mama mmoja alileta picha ya mumewe iliyokunjwa mara nne, kunjo moja limepita katikati ya alama yake ya sijda. Programu za siku hizi, ambazo huweza kubuni ngozi mpya pale ilipokosekana, zingemrudishia paji la uso safi, kwa kuwa hazijui kwamba pale palikuwa na kitu. Tulilifuta kunjo, kisha tukaijenga alama upya tukitazama picha yake nyingine ya nikahi.

Masasisho hayaingii tena yenyewe kwenye kompyuta zetu. Toleo jipya linakwenda kwanza kwenye mashine ya zamani, na yule binti analijaribu kwa mkono wa mama, faili la biti 16, tabaka tupu juu yake, kadi ya michoro ikiwa imewashwa. Anakagua kidole cha shahada, pale hina inapokutana na ukucha, kisha mkunjo wa kifundo. Likipita hapo tunalisakinisha kwingine. Na kuanzia Shaaban mpaka Shawwal iishe, hata likipita, hatulisakinishi.