Mzee anayehesabu etaji

Kolwezi. – Wanaopita kila asubuhi katikati ya mji, komini ya Dilala, wameshamzoea. Anasimama ng'ambo ya barabara, chini ya mwembe ambapo mama mmoja anauza mikate na chai, mikono nyuma, macho juu. Ana miaka 71. Kichwani amevaa kofia ngumu ya kazi iliyokuwa nyeupe na sasa ni ya njano kwa uzee. Vijana wa pikipiki wanamwita injinia. Wengine wanadhani ni sentineli asiyelipwa. Yeye anahesabu tu. Alipoanza kuja, mwanzoni mwa kiangazi kilichopita, palikuwa shimo. Juma hili mafundi wako kwenye etaji ya tano.

Kolwezi si mji wa etaji. Union Minière ilipouanzisha mwaka 1937, ardhi ilikuwa nyingi na watu wachache, basi ikajenga nyumba za chini, mistari kwa mistari, kila moja na parseli yake, miti yake na bomba lake. Tangu mwaka 2015, Kolwezi ilipokuwa mji mkuu wa mkoa mpya wa Lualaba, ofisi zimekuja, hoteli zimekuja, kampuni za kandarasi za migodi zimekuja na watu wao. Wote wanataka mahali pa kulala. Lakini mji umezungukwa na vibali vya migodi, na mahali pengine mgodi uko ndani ya mji wenyewe. Asiyeweza kupanua anapanda juu. Ubao uliopigwa mbele ya shantie unaonyesha picha ya jengo likiwa limekwisha: vioo, balkoni, magari yameegeshwa, asansera, kisima cha mashine, jenereta. Hata watu wamechorwa, mume na mke na mtoto mmoja. Mtoto mmoja! alisema mama wa chai, akacheka.

Mjukuu wa mzee anafanya kazi humo. Ana miaka 22. Kabla ya hapo alikuwa anachimba Kasulo, kwenye kile kitongoji ambacho mwaka 2014 mtu alichimba shimo la choo akakuta kobalti, na baada ya miezi michache watu wakawa wanachimba ndani ya vyumba vyao vya kulala. Kijana alitoka huko baada ya shimo la jirani kuporomoka. Babu yake ndiye aliyemtafutia kazi ya kubeba beto, kwa kumwomba kapita mmoja aliyewahi kujifunza umasoni kwake. Kwa hiyo kijana mmoja wa pikipiki alipomuuliza, "Muzee, we unaangaliaka nini hapa kila siku?", jibu lilikuwa tayari: "Ninaangalia kama mujukuu wangu atarudia nyumbani."

Mzee huyu anajua anachokiangalia. Aliingia Gécamines mwaka 1974 akiwa na miaka 20, akawekwa kwenye kazi za ujenzi. Amemwaga beto chini ya mashine zinazotikisika usiku na mchana, na beto ya namna hiyo, anasema, haidanganywi. Kwa kila mita ya ujazo ya beto inayobeba uzito ziende kilo 350 za simenti, yaani mifuko saba ya kilo 50. Maji yawe kidogo. Kijana anayechanganya anapenda maji mengi kwa sababu beto inateleza vizuri na mkono hauchoki, lakini maji yale yakikauka yanaacha vitundu ndani, na nguvu imekwenda. Simenti yenyewe nyingi inatoka Zambia, inapita Kasumbalesa, inapanda kwa lori hadi Lubumbashi na Likasi, halafu inafika huku kwa bei inayofanya mtu apunguze mfuko mmoja hapa, mwingine pale. Mzee anahesabu mifuko mitupu inayotupwa nje ya shantie. Ndiyo hesabu yake ya pili, baada ya etaji.

Mwezi wa kumi na moja nusura agombane nao. Dali ya tatu, ile sakafu ya beto ambayo etaji ya juu inakaa, ilimwagwa siku ya Jumamosi, na mvua ikanyesha jioni. Siku ya tisa mzee akaona vijana wanaanza kuondoa miti ya mikalitusi iliyoegemeza dali ile, kwa sababu miti haikutosha na ilitakiwa kwa kazi ya juu. Beto hupimwa nguvu zake siku ya 28. Siku ya saba inaweza kuwa imefika theluthi mbili kama simenti ilikuwa ya kutosha na maji hayakuzidi. Mzee akavuka barabara bila kuangalia magari. Akasimama kwenye geti, akamwita mjukuu wake kwa jina la marehemu baba yake, akimwambia ashuke mara moja.

Shefu wa shantie akatoka. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, amesoma, ana tableti mkononi. Akamwambia mzee kwa heshima kwamba hapa si mahali pa kila mtu. Mzee akamjibu: "Mwana yangu, miye sikuje kukufundisha. Acha katikati tu. Miti ya pembeni utoe, lakini ya katikati uache." Kijana akashuka. Kazi ikasimama karibu saa nzima, wapita njia wamejaa, mtu mmoja akataja jengo la etaji 16 lililoanguka Dar es Salaam Machi 2013 likaua watu 36, lililokuwa bado linajengwa kama hili. Shefu hakusema neno. Alasiri, miti ya katikati ilikuwa bado imesimama. Labda ni mzee, labda mtu alipiga simu, labda miti mipya ilikuwa imeshaagizwa tangu asubuhi. Tangu siku ile shefu anamsalimu, na mara mbili amemlipia chai.

Lakini kuna jambo jingine linalomleta mzee pale, na hilo halisemi haraka. Nyumba yake mwenyewe imepigwa alama nyekundu.

Iko katika mtaa wa zamani wa wafanyakazi. Vyumba viwili na saluni, jiko nje, bomba kwenye parseli. Aliipewa na kampuni akiwa kijana aliyeoa, na baadaye ikawa yake. Mei 1978, vita ilipoingia Kolwezi, yeye, mke wake na majirani wanne walilala chini ya vitanda siku kadhaa humo ndani. Risasi mbili ziliingia ukutani, matundu akayaziba mwenyewe. Baada ya Kamoto kuporomoka Septemba 1990, mishahara ilipoanza kuchelewa miezi kwa miezi, nyumba ndiyo iliyobaki. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipoachishwa kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharamiwa na Benki ya Dunia, alipokea bahasha, akalipa madeni, akabaki na nyumba. Leo mgodi wa wazi umefika karibu. Jioni wanalipua, vikombe vinalia kabatini.

Watu wa tathmini walikuja wakakaa nusu saa. Walipima urefu na upana, wakahesabu miti: miembe miwili, mparachichi mmoja. Hawakuchimba kuona msingi. Wakaandika kwamba nyumba ina nyufa, kwa hiyo thamani inashuka. Mzee akawaletea daftari. Tangu nyufa zilipoanza, alikuwa anafanya kitu ambacho mafundi wa zamani wanakijua: unapaka plasta kidogo juu ya ufa, kama plasta ya jeraha, unaandika tarehe juu yake. Plasta ikipasuka, ufa unatembea. Kwenye daftari ameandika kila plasta, tarehe iliyopakwa, tarehe iliyopasuka, na saa ya mlipuko wa mgodi siku ile. Kurasa 31. Mmoja wao alipiga picha kurasa mbili kwa simu, akasema ataziambatanisha. Kwenye karatasi aliyoletewa kusaini, daftari halitajwi. Nyufa zinatajwa.

Hayuko peke yake. Septemba 2023, Amnesty International na shirika la IBGDH lenye makao hapa Kolwezi walitoa ripoti juu ya watu wanaoondolewa kwa ajili ya shaba na kobalti, na wengi waliohojiwa walisema jambo lilelile: hawakushauriwa vya kutosha, na walichopewa hakitoshi kununua kinacholingana na walichoacha. Sheria ipo. Katiba, ibara ya 34, inasema mtu haondolewi kwenye mali yake ila kwa manufaa ya umma na kwa fidia ya haki inayolipwa kabla. Taratibu za madini za mwaka 2018 zina nyongeza nzima, ya 18, juu ya kuhamisha jamii na kuzipa makao mapya. Mzee anazo nakala za vyote viwili, zimefungwa pamoja na fomu za tathmini, mkataba wa nyumba na risiti za maji. Majirani wanakuja kutoa fotokopi. Wengine walishasaini bila kubaki na nakala hata moja, na leo wanamwomba mzee akumbuke miti yao ilikuwa mingapi.

Siku moja, kwa utani nusu na ukweli nusu, alimuuliza komisionere anayezunguka pale shantie bei ya kupanga apartema. Komisionere akamwangalia viatu, kisha akamtajia, kwa dola, kwa mwezi. Akaongeza garantii ya miezi sita. Sheria ya mwisho wa mwaka 2015 inasema garantii ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu, na mzee akamwambia hivyo. "Muzee, hiyo sheria iko Kinshasa," komisionere alijibu. Mzee alipiga hesabu kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Fidia yote ingeisha kabla ya mvua ya pili. Na bustani angeiweka wapi? Kuku? Mke wake, ambaye magoti yanamsumbua, angepanda vipi siku SNEL wakikata na jenereta haina mafuta? Alicheka akimsimulia jioni. Mke hakucheka, aliuliza kama kule juu upepo ni mwingi.

Kwa hiyo amechagua parseli nje ya mji, njia ya vumbi, kule ambako wengi wa mtaa wake wamekwisha kwenda. Aliiona Januari. Hakuna bomba, kisima kiko mbali, shule iko mbali zaidi. Udongo ni mzuri, kuna vichuguu viwili vikubwa, na huku kwetu kila mtu anajua kwamba matofali ya udongo wa kichuguu yakichomwa vizuri yanadumu kuliko mwenye nyumba. Tatizo ni tarehe. Karatasi inamtaka aondoke mwisho wa mwezi wa tatu. Matofali hayafyatuliwi kwenye mvua. Yanafyatuliwa Mei, yanakauka, yanachomwa Juni, ukuta unasimama Julai. Kati ya Machi na Julai mtu na mke wake mgonjwa wanalala wapi? Chini ya manjanja, kama waliotangulia, ambao wengine wao wako huko mpaka leo kwa sababu fedha ya ukuta iliishia kwenye chakula na dawa.

Ameandika barua kuomba aongezewe miezi minne. Aliiandika kwa Kifaransa, mjukuu akaipiga kwenye kompyuta, nakala ikaenda kwa shefu wa kitongoji na nyingine kwenye komini. Wamepokea, wamepiga muhuri. Hajajibiwa.

Wakati huo huo anaendelea kuja. Mjukuu ameruhusiwa na kapita kuchukua mabaki ya vyuma, vipande vifupi visivyofaa kwa jengo, na kila Jumamosi mzee anavifunga kwa waya kwenye baiskeli. Vya milimita 12 vitakwenda kwenye linta za milango. Vya 8 vitafaa kwa madirisha. Anavipanga nyuma ya nyumba yenye alama nyekundu, kwa urefu, akivipaka mafuta machafu ya gari visipate kutu.

Juu ya etaji ya tano, nguzo zimeacha vyuma vyake nje, vimeelekea mbinguni. Mafundi huviita vyuma vya kungoja. Vinaonyesha kwamba mwenye jengo bado anafikiria kupanda. Mzee alimuuliza shefu wataishia wapi. Ubao unaonyesha saba, shefu alisema, lakini tajiri anaongea juu ya nane.

"Na msingi ulipigwa hesabu ya ngapi?"

Shefu alifungua tableti yake, akatafuta kidogo, akaifunga. Alisema ataangalia ofisini. Jumatatu wanamwaga dali ya sita. Mzee ameshamwambia mama wa chai amwekee kiti.