Shimo Kwenye Ukuta wa Mzee

Wasee, wengi wenu mmeniuliza mbona siku hizi vidio zangu zinatoka mchana na si saa tisa usiku kama zamani. Kuna mmoja hata aliandika ati nimepata mchumba wa kunilaza mapema. Wapi! Nimepata netiweki. Na nimeitoa kwa rauta iliyokuwa imelala kwa droo ya mathe, katikati ya rimoti zilizokufa na risiti za stima za 2019.

Kuiweka hiyo rauta kulinichukua jioni mbili. Kumwomba mzee ruhusa ya kutoboa ukuta kulinichukua miezi saba.

Wacha nianze na nyumba. Tunaishi Ruai. Mzee aliijenga kwa mawe ya Ndarugo, yale ya machimbo ya upande wa Juja, akinunua lori moja moja kila pesa zikipatikana. Hadi leo anaweza kukuonyesha jiwe akuambie lilikuja mwaka gani na dereva alikuwa nani. Mimi nakaa kachumba ka nyuma, kupita jikoni, kama mita 15 kutoka sebuleni. Kwa ramani hako kachumba kalikuwa stoo. Nilihamia huko niliporudi kutoka kampasi bila cheti, na kila mtu akaona ni afadhali hivyo, tusigongane na mzee kwa meza asubuhi.

Kwa wale wageni hapa: sikufukuzwa chuo. Nilikuwa mwaka wa tatu, uhandisi wa umeme. Karo ilichelewa, nikakosa mitihani. Mzee akauza pikipiki yake ndiyo nirudi. Pesa zikapatikana, na mimi sikurudi. Pesa zenyewe zilinunua tangi la maji, ile nyeusi mnaionaga nyuma yangu kwa vidio. Pikipiki haikurudi. Hayo nimeyasema mara moja tu hapa na sitayarudia.

Sasa, rauta ya nyumba iko sebuleni kando ya TV, kwa sababu hapo ndipo fundi wa kampuni alipochoka. Kifurushi chetu ni cha 20 Mbps, kupanda na kushuka. Ukikaa kwa kochi unazipata zote. Ukifika jikoni ni kama nusu. Kwangu simu ilikuwa inaonyesha kijiti kimoja cha waifai, na ukifunga mlango kinaenda. Nilipima siku nyingi, mara nyingi nilipata 2 Mbps. Fanya hesabu: vidio ya GB 1 ni kama megabiti 8,000. Kwa 2 Mbps hiyo ni zaidi ya saa moja, na hapo tumesema haikatiki. Ilikuwa inakatika.

Kwa hivyo nilikuwa nangoja wote walale, halafu naingia sebuleni na laptopu, nakaa chini sakafuni, taa imezimwa. Kuna usiku mzee anatoka kwenda choo saa tisa, ananikuta nimekaa hapo na uso wa bluu kama mzimu. Hasemi kitu. Anakohoa kidogo, anapita. Kikohozi hicho nilikielewa kuliko hotuba yoyote.

Mtu ataniuliza, si ungenunua tu kile kidude cha kurefusha waifai? Nilifikiria. Shida ni kwamba kile kidude kinarudia kile kinachosikia. Ukikiweka mahali netiweki ni mbovu, kitakurudishia ubovu huohuo kwa sauti kubwa. Na vile vya bei rahisi vina redio moja tu, inasikiliza na kuongea kwa zamu, kwa hivyo kasi inakatwa karibu nusu. Kati yangu na sebule kuna kuta tatu za mawe. Mawimbi ya 5 GHz ni ya kasi lakini yakipatana na jiwe yanakata tamaa haraka. Ya 2.4 GHz yanafika mbali kidogo, lakini hata hayo kwangu yalikuwa yanafika yakichechemea. Dawa ya ukuta wa mawe ni waya. Na waya unataka shimo.

Hapo ndipo nilikwama. Ningeweza kutoboa mzee akiwa ametoka. Nilifikiria hivyo pia, sitadanganya. Lakini hiyo nyumba ndiyo CV yake. Siwezi kuwa mtoto aliyekula pikipiki halafu nitoboe ukuta kisirisiri.

Miezi ikaenda. Halafu nikakosa kazi ndogo ya tangazo kwa sababu vidio ilikataa kupanda kabla ya saa waliyotaka. Pesa haikuwa nyingi lakini ilikuwa yangu. Kesho yake nikamkuta amekaa nje anakunywa chai.

"Baba, naomba kutoboa ukuta wa jikoni. Kashimo kadogo, ka kupitisha waya."

"Ka nini?"

"Ka intaneti. Ya kazi."

Sijui kama nilishawahi kuliita hilo jambo kazi mbele yake. Alinyamaza. Akalirudia lile neno polepole, "kazi," kama mtu anayeonja chumvi. Halafu akauliza, "Kakubwa aje?" Nikamwonyesha kidole.

Akaenda stoo mwenyewe, akarudi na drili. Nilinyoosha mkono nikiichukue, hakunipa. Akaniambia huwa hutoboi jiwe, unatoboa kiungo, pale kwenye simiti, ndiyo siku ukiziba kisionekane. Na shimo la waya unaliinamisha kuelekea nje, ndiyo mvua isifuate waya ikaingia ndani. Miaka mitatu ya uhandisi na hakuna mtu alikuwa ameniambia hayo. Yote yalikwisha kwa dakika kumi, akafagia vumbi, akarudi kwa chai yake.

Waya niliutoa Luthuli, mita 25 za Cat6. Ukienda huko uliza kama ni shaba tupu, kwa sababu kuna zile za alumini zilizopakwa shaba juu, ni rahisi lakini hukatika na kusumbua. Chukua ule wa nje, wenye ganda gumu jeusi, kama utapigwa na jua. Urefu usikutishe, waya wa aina hii unaenda hadi mita 100. Plagi nilizibana mwenyewe na koleo la kuazima. Chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia, pande zote mbili sawa. Huo mpangilio ulitoka kichwani bila kutafuta. Ndiyo kitu pekee cha maabara ya mwaka wa pili nilichobaki nacho, na nilicheka peke yangu.

Jioni hiyo nikachomeka. Rauta ya sebuleni upande mmoja, rauta ya droo upande wangu. Taa zikawaka vizuri. Nikajisikia bingwa kama dakika nne.

Kisha siz akapiga kelele kutoka chumbani, alikuwa katikati ya kutuma asaimenti. Mathe akasema WhatsApp imeganda. Na mzee, ambaye alikuwa anaangalia habari kwa TV kupitia intaneti, akaona kale kaduara kanazunguka, kakazunguka. Nyumba nzima imezima. Akageuka akaniangalia mlangoni.

"Hata hii?"

Maneno mawili tu. Niling'oa waya, netiweki ikarudi, nikaenda kulala saa mbili usiku bila kula.

Sikulala, bila shaka. Nililala nikifikiria, na karibu saa sita nikaelewa nilichofanya, na ni upuuzi ambao nawaandikia hapa ndiyo usiwapate. Kila rauta huja ikiamini ni yenyewe mkubwa wa nyumba. Zote mbili zilikuwa na anwani ileile, 192.168.1.1, na zote mbili zilikuwa zinagawa anwani kwa simu na TV, ile kazi inaitwa DHCP. Ni kama matatu moja iwe na makanga wawili, wote wanadai nauli, wote wanapanga abiria. Simu ya siz ilimlipa makanga asiyekuwa na gari. Ya pili lazima iambiwe ikae chini, ibaki ni mlango tu.

Basi asubuhi nikaanza upya, bila kuchomeka waya wa sebuleni. Kwanza nikaifuta rauta ya droo: pini kwenye kitundu cha nyuma, unashikilia kama sekunde kumi au zaidi hadi taa zibadilike. Hapo inasahau mambo ya zamani na jina na paswodi za kuingilia zinakuwa zile za lebo ya chini. Nikaiunganisha na laptopu pekee kwa waya, nikaingia kwa ukurasa wake. Nikaweka jina la waifai na paswodi zilezile za sebuleni, ndiyo simu ihame yenyewe ukitembea, na ulinzi WPA2. Chaneli nikaweka 11 kwa sababu ya sebuleni iko 1 (kwa 2.4 GHz tumia 1, 6 au 11, hizo hazikanyagani). Nikabadilisha pia paswodi ya msimamizi. Halafu anwani yake nikaifanya 192.168.1.2, baada ya kuhakikisha rauta kubwa haigawi namba hiyo kwa mtu mwingine. Unaingia tena kwa anwani mpya. DHCP ndiyo unazima mwisho kabisa, kwa sababu ukianza nayo laptopu inaweza kukosa anwani na ujifungie nje, halafu utarudi kwa pini.

Na waya: tundu la LAN hadi tundu la LAN. Lile la WAN, ambalo mara nyingi lina rangi yake, liache. Rauta zingine zina chaguo la AP ambalo linakufanyia haya yote kwa kubofya mara moja. Yangu ni ya kizamani, haina. Kama yako ni ile ya laini ya simu, yenye nafasi ya kuweka kadi, hata kama imefungwa kwa kampuni moja, jaribu tu, kwa kazi hii laini haihitajiki. Lakini uliza nyumbani kama hiyo rauta ni yenu kweli, kwa sababu kuna kampuni huazimisha na hutaka irudi. Na ikiwa ni ya kitambo sana hadi ulinzi wake ni WEP pekee, iache kwa droo ifie huko.

Nilingoja mzee awe ametoka kwenda dukani ndiyo nikachomeka. Uoga, ndiyo. Siz akasema iko sawa. Mathe iko sawa. Kwangu nikapima, mlango umefungwa: 18 Mbps. Ile GB 1 ikapanda kama dakika saba na nusu. Nilikaa kitandani nikaangalia ule mstari ukijaa bila kukwama na sikujua nifanye nini na usiku wangu.

Kuna mambo hayajakaa poa. Stima ikienda rauta zote mbili zinazima, hakuna uchawi hapo. Ngurumo zikianza nang'oa waya pande zote, kwa sababu waya wa shaba unaopita nje si wa kuchezewa na radi. Na kasi ni ileile ya 20 tunayogawana, siz akianza kushusha sinema na mimi napandisha vidio, tunaskizana kupitia ukuta.

Mzee hakusema lolote juu ya ile "hata hii". Mimi pia sikusema. Lakini wiki ya pili nilimwona ameleta kile kiti chake cha mbao nyuma, karibu na mlango wangu, penye kivuli cha tangi, anaangalia habari kwa simu. Netiweki ya sebuleni haifiki hapo. Anakaa hapo mchana mara nyingi sasa, nikirekodi inabidi nimwombe apunguze sauti. Anapunguza.

Jumapili aliniuliza kama waya unaweza kufika geti, anataka kuweka kamera. Nikamwambia unafika. Nimetumwa nikanunue mita 30, na nimeambiwa nisiguse drili.