Jina la Mbwa wa Konde

Katika visiwa vya Unguja na Pemba jina la mbwa aghalabu halichukui muda kutafutwa. Mwenye mbwa humtazama rangi yake akamwita Simba au Chui, au huokota jina la kigeni lililowahi kupita masikioni mwake, Bobi au Popi, na shughuli ikawa imekwisha. Mtoto wa mtu hufanyiwa akika siku ya saba na jina lake huombewa dua. Jina la mbwa hutupwa kama mfupa. Na mtu akimwita mbwa wake kwa jina la binadamu, huhesabiwa kuwa amekusudia kutukana, na jirani mwenye jina hilo ana haki ya kuja kuuliza alikosa nini.

Ndiyo maana watu wa kijiji kimoja cha kusini ya Unguja walistaajabu waliposikia kwamba mwalimu mmoja mstaafu na mjukuu wake wamekaa siku kumi na mbili wakitafuta jina la mbwa ambaye hata hajazaliwa.

Mzee huyo alikuwa na konde la muhogo na migomba. Mchana kima walimmalizia ndizi, usiku nguruwe mwitu walimfukulia muhogo, na msimu uliotangulia walikuja wezi wa miguu miwili ambao hawakuacha hata mbegu. Msasi mmoja, ambaye mbwa wake jike alikuwa na mimba, akamuahidi mtoto mmoja. Mmoja tu, na msasi mwenyewe ndiye atakayemchagua. Awe dume au jike, hiyo ni riziki ya mwalimu. Mzee akaridhika. Alijua kwamba dini haikumkataza mkulima kuweka mbwa wa kulinda shamba, na alijua pia gharama yake: kila chombo atakachokiramba kioshwe mara saba, moja katika hizo kwa udongo.

Mjukuu, msichana aliyekuwa akisoma chuo kikuu mjini, akaomba apewe yeye kazi ya kutafuta jina. Alijiwekea masharti mawili. La kwanza, jina litoke katika ngano za kale, kwa kuwa huko mbwa wanatajwa kwa heshima wasiyoipata mitaani. La pili, jina limfae dume na limfae jike sawasawa. Sharti hili la pili lilikuwa na asili yake. Kabla hajazaliwa yeye, jamaa zake walikuwa wamekwisha kuandaa jina la mtoto wa kiume na kulizoea kwa miezi kadhaa. Alipokuja msichana, jina likabaki kama kanzu isiyovaliwa, na siku zikapita kabla halijapatikana jingine. Hakuna aliyemfanyia ubaya kwa hilo. Lakini alikua akilisikia likisimuliwa kwa kicheko, na hakupenda kiumbe mwingine angojewe namna ile.

Akaanza na Wayunani. Akamsimulia babu yake habari za Argos, mbwa wa Odysseus, aliyemngoja bwana wake miaka ishirini, akamtambua alipokuja amejigeuza maskini, akatikisa mkia, akafa pale pale juu ya jaa. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Huyo ni mbwa mwema, Mungu amjaze. Lakini mimi wangu simtaki angoje. Namtaka abweke." Akatajiwa Kerberos, mwenye vichwa vitatu, bawabu wa kuzimu, ambaye huwapokea wafu wanaoingia na kuwazuia wasitoke. "Basi huyo kazi yake imepinduka," akasema mzee. "Tatizo langu mimi ni wanaoingia." Walipofika kwa mbwa wa Aktaion, ambao mshairi wa Kirumi Ovid aliwataja zaidi ya thelathini kwa majina, mzee aliuliza ni nini walichokifanya. Alipoambiwa kwamba walimrarua bwana wao baada ya kugeuzwa paa dume, akaomba ukurasa ufunuliwe mwingine.

Wahindi wana Sarama, mbwa wa miungu anayetajwa katika Rigveda, aliyetumwa kuwatafuta ng'ombe walioibwa akawaona. Kazi hii ilimpendeza sana mzee. Lakini Sarama ni jike na mama wa mbwa, na msasi akileta dume, sharti la mjukuu limevunjika.

Hapo ndipo mjukuu alipogundua jambo ambalo hakuwahi kulifikiri. Kiyunani kina neno moja tu la mbwa, lakini neno dogo linalotangulia nomino ndilo linalofichua jinsia yake. Kiarabu kina *kalb* na *kalba*. Lugha hizo hazimruhusu mtu kumtaja mbwa bila ya kusema kwanza ni wa upande gani. Kiswahili hakiulizi. Huyu anakuja, yule amelala, yeye ana njaa. Msikilizaji hatajua kama ni dume au jike, wala hatajua kama ni mbwa au ni mtu. Kiswahili kinauliza swali jingine, nalo ni kama kinachotajwa kina roho au hakina. Nyumba imeanguka, lakini mbwa ameanguka, ingawa maneno hayo mawili kwa umbo ni ya ngeli moja. Katika sarufi mbwa ameingizwa barazani na kukalishwa pamoja na watu, hata kama mlangoni anafukuzwa kwa fimbo.

Ikiwa ni hivyo, mjukuu alifikiri, basi jina halihitaji kwenda kuazimwa mbali. Akapata pia msaada wa Xenophon, Myunani aliyeandika kitabu cha uwindaji katika karne ya nne kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Xenophon alishauri mbwa wapewe majina mafupi ili iwe rahisi kuwaita, akaorodhesha majina arubaini na saba bila ya kuyagawa mafungu mawili ya madume na majike. Mengi ni maneno ya kawaida tu ya lugha yake: Roho, Mlinzi, Furaha, Mwale. Mzee aliusifu ushauri huo. Yeye mwenyewe alikuwa na kipimo chake, kwamba jina la mbwa wa konde ni lile linaloweza kuitwa usiku wa manane, dhidi ya upepo wa kusi, na mtu aliyekatishwa usingizi.

Mjukuu akayapitia maneno ya Kiswahili. Furaha, Amani na Bahati ni majina ya watu. Lulu ni ya wanawake. Akakumbuka neno moja lenye asili ya Kiajemi, la jiwe la thamani lenye rangi ya bahari ya asubuhi, ambalo masikioni mwake halikuwa la kiume wala la kike. "Babu," akasema, "unaonaje tukimwita Feruzi?"

Mzee hakujibu. Aliondoka akaenda kusimamisha mti wa uzio ambao haukuwa umeanguka, na hakurejea mpaka baada ya sala ya alasiri.

Feruzi lilikuwa jina la babu yake. Mjukuu alikuwa amepata kuliona katika vyeti vya mzee, likiwa la mwisho baada ya jina lake na la baba yake, lakini vyeti vyenyewe vilikaa sandukuni na kwa mazungumzo halikutajwa. Katika zama za utumwa mabwana wa pwani hii walikuwa na desturi ya kuwaita watumwa wao majina ya heri na ya vito: Baraka, Mabruki, Bahati, Almasi, Feruzi. Ni majina mazuri, na uzuri wake ulikuwa ndiyo alama ya kumilikiwa, kama kengele ya shaba shingoni. Amri ya mwaka 1897 iliuondoa utumwa katika sheria za Zanzibar, ingawa masuria walisubiri hadi 1909. Hakuna amri iliyotolewa juu ya majina. Waliokuwa nayo walibaki nayo, na watoto wao wakayavaa mpaka yakawa majina ya heshima kama mengine.

"Alikuwa na jina lake alilotoka nalo kwao," mzee alimwambia mjukuu wake jioni ile. "Mtu alimtazama akampa jingine, wala hakumuuliza anaitwaje. Lile la kwanza halikutufikia. Sikukasirika na wewe, mjukuu wangu, hukujua. Lakini siwezi kusimama kondeni usiku nikamwita mbwa kwa jina la babu yangu, na siwezi pia kukwambia kwamba yule aliyempa jina hilo hakuwa akimwita hivyo hivyo."

Kwa siku mbili hawakulitaja tena suala la mbwa. Na pengine ilikuwa ndiyo mara ya kwanza kwa mambo yale mawili, la msichana aliyengojewa kwa jina lisilomfaa na la mtu aliyevuliwa jina lake, kukaa kimya pamoja katika nyumba moja. Hayalingani kwa uzito, na mjukuu alikuwa wa kwanza kulijua hilo. Lakini yote mawili yanauliza swali moja: ana haki gani mwenye kumpa jina yule ambaye hawezi kulikataa?

Siku ya Ijumaa mzee alisoma Suratul-Kahf kama ilivyo ada yake. Alipofunga msahafu akamwita mjukuu. "Umezunguka kwa Wayunani na kwa Wahindi," akasema, "na mbwa aliye karibu umemruka." Akamkumbusha vijana waliokimbilia pangoni na imani yao, wakalazwa miaka mia tatu wakazidisha tisa, na mbwa wao kizingitini amenyoosha miguu yake ya mbele. Mjukuu akachangamka, akasema ngano hiyo Wakristo wa Shamu pia wanayo. Mzee akamrekebisha kwa upole: kwake yeye ile haikuwa ngano. Mjukuu akainamisha kichwa, naye mzee akaendelea.

Jina la mbwa yule halimo katika Qur'ani. Wafasiri ndio waliosema kuwa ni Kitmiri. Neno hilo lenyewe limo katika sura nyingine, kwa maana ya ugozi mwembamba unaoifunika kokwa ya tende, kitu kidogo kisicho na thamani. Hata hivyo wako Waislamu wa zamani waliokuwa wakiliandika juu ya barua zinazokwenda mbali na kuvuka bahari, ili zifike salama. Mjukuu akaona jina limepatikana. Mzee akakataa. Jina lile, alisema, litakuja kutamkwa kwa hasira, mbwa akiiba samaki au akilala kima wakipita, na hakutaka ghadhabu zake ziangukie pale.

"Basi umenisomea kwa nini, Babu?"

"Kwa ajili ya hesabu," akajibu.

Aya inaeleza jinsi watu watakavyohitilafiana. Wako watakaosema walikuwa watatu, wa nne wao ni mbwa wao; wako watakaosema watano, wa sita ni mbwa; na wako watakaosema saba, na wa nane ni mbwa wao. Mwenye kuijua idadi yao ni Mwenyezi Mungu. Mzee alikuwa ameisoma aya ile tangu utotoni, na siku zile mbili za kimya ndizo zilizomwonyesha kwamba waliohitilafiana juu ya watu hawakuhitilafiana juu ya mbwa. Kila hesabu inamtia ndani. Hakuna aliyeuliza alikuwa dume au jike, wala hakuna aliyesema ahesabiwe kando.

Mjukuu alinyamaza, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu. Kisha akasema polepole, "Nane."

Mzee akatoka nje, akasimama mbele ya konde lililokuwa tupu, akaliita jina kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Lina silabi mbili, linaruka vizuri juu ya upepo. Si jina la mtu yeyote kijijini. Hakuna bwana aliyewahi kumpa mtumwa wake. Tarakimu haina uke wala uume, na aliyepewa hiyo hakuambiwa awe nani. Ameambiwa tu kwamba yumo.

Nane aliletwa mwanzo wa masika, ndani ya kikapu. Pembeni ya mlango pakawekwa ndoo ya maji na kopo la udongo safi. Majirani walidhani mwalimu amelitoa jina hilo katika sikukuu ya wakulima ya Nanenane, na mzee hakuwakosoa, maana nalo lilifaa. Mmoja tu, kijana mwenye maneno mengi, alisimama kwenye uzio akataka kupata uhakika.

"Mwalimu, huyu ndiye Nane?"

"Ndiye."

"Na wale saba wako wapi?"

"Wamelala," akasema mzee. "Pita taratibu."