Jua Linapoiwahi Ngano

Chini ya Mlima Longonot udongo ni majivu na mawe mepesi ya volkano. Mvua ya asubuhi haikawii kuzama. Jioni vumbi linatimka. Aberdare upande huu na Mau upande ule hulinyima bonde hili mawingu.

Mkulima alifikicha suke kiganjani, akapuliza makapi. Zikabaki punje nyembamba, zimekunjamana.

"Mvua ilikosekana, mzee?" nikamuuliza.

"Mvua ilikuwepo, mwanangu. Jua ndilo lililoniwahi."

Alisema sawasawa. Ngano hujaza punje vizuri joto likiwa nyuzi 15 hadi 20. Likizidi, mmea hauungui, huharakishwa. Katika wiki mbili hivi za kwanza baada ya kuchanua, seli za kuwekea wanga ndani ya punje bado zinaongezeka. Joto likizikatiza, ghala limeshakuwa dogo. Kisha majani huzeeka mapema, na vimeng'enya vinavyogeuza sukari kuwa wanga hulegea, hata kama shina bado lina sukari. Joto likipita nyuzi 30 wakati wa kuchanua, chavua huharibika na suke hubaki na mapengo. Ndiyo maana gunia la ngano hiyo hujaa kabla ya kufika kilo 90, na kazi ya mkulima ilikuwa ile ile.

Juu kwenye Mau, huko Mau Narok, nilivaa sweta adhuhuri. Ni zaidi ya mita 2,700, na kila mita 100 za kupanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi 0.6. Ngano ya huku hukaa shambani muda mrefu zaidi, na punje zake ni nene, tumbo limejaa.

Katikati kwa mwinuko ni Njoro, kwenye kituo cha utafiti kilichoanza 1927. Wengi hukijua kwa vita vyake dhidi ya kutu ya shina aina ya Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998. Mimi nakiheshimu zaidi kwa Duma, Ngamia na Chozi, mbegu zilizotolewa kwa ajili ya maeneo makavu.

Gezira, Sudan, kuna joto kali kuliko Longonot, lakini hupandwa Novemba ili punje zijae kwenye baridi ya Januari na Februari. Longonot, karibu na Ikweta, haina msimu wa baridi wa namna hiyo. Yule mzee amebakiwa na mbegu inayokomaa mapema, na kuiwahisha ardhini mvua za kwanza zikianguka. Mbegu hiyo inapaswa kumfikia kabla ya mvua.