Miezi mitatu bila dagaa

Kasulu, Jumamosi 18 Mei 2024

Ziwa Tanganyika limefungwa tangu Jumatano. Serikali imesimamisha uvuvi upande wetu hadi tarehe 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana na kukua. Huku milimani hakuna mwenye mtumbwi, ila soko limeshajua. Mama ninayenunua dagaa kwake amebakiwa na gunia moja, na leo anapimia kikombe badala ya kopo. “Mwalimu, chukua sasa, wiki ijayo usije ukanilaumu.” Nikachukua.

Jioni nimewamwaga kwenye ungo kuwachambua. Wengi ni wembamba, hawafiki urefu wa kidole, wana mstari wa fedha ubavuni. Wataalamu huwaita Stolothrissa tanganicae. Wachache wenye tumbo pana ni lumbu, Limnothrissa miodon. Lumbu walipandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha Kariba katika miaka ya 1960, na kote huko wakazaa uvuvi mkubwa. Asili yao ni hapa.

Kasulu, Jumapili 2 Juni

Leo nimekaa na swali la walikotoka hawa dagaa. Ndugu zao wengi ni samaki wa maji chumvi. Mwaka 1903 Mwingereza J.E.S. Moore aliandika kwamba Tanganyika lilikuwa mkono wa bahari, kwa kuwa konokono wake wanafanana na wa baharini. Dhana hiyo imekwisha kukataliwa. Lakini mwaka 2008 watafiti Wilson, Teugels na Meyer walilinganisha vinasaba na kuonyesha kuwa wahenga wa dagaa waliingia kwenye mito ya Afrika Magharibi kutoka baharini, zaidi ya miaka milioni 25 iliyopita. Uzao wao ulienea mto kwa mto hadi ukafika Tanganyika. Safari ndefu kiasi hicho, halafu sisi tuwamalize kwa wavu wa macho madogo! Nimekosa usingizi kwa wazo hilo.

Nyarugusu, Jumamosi 22 Juni

Nimeongea na mzee mmoja kambini, mkimbizi kutoka Fizi, Kongo, aliyevua tangu enzi za karabai. Usiku huu mwezi ni mpevu. Hata ziwa lingekuwa wazi, anasema, wavuvi wangekuwa wamelala, maana mwanga wa taa unamezwa na mbalamwezi. Mchana dagaa hushuka kilindini, usiku hupanda wakifuata vijidudu wanavyokula, na migebuka huja nyuma yao kuwala. Taa huwakusanya, wavu ukainuliwa kutoka chini.

Anaunga mkono kufungwa. Dagaa huishi mwaka mmoja hivi, kwa hiyo miezi mitatu kwao ni sehemu kubwa ya maisha. Ila alinikumbusha jambo lililonichoma: kibarua wa chomboni hulipwa kwa mgawo wa samaki. Chombo kikikaa nchi kavu, hana kitu. Nakubaliana naye kwamba anayeamuru mapumziko lazima afikirie chungu cha huyo kibarua.

Kibondo, Jumamosi 20 Julai

Baridi kali na upepo mkavu wa kusi. Pepo za msimu huu ndizo zinazosukuma maji ya juu ya ziwa kwenda kaskazini, na kule kusini maji ya chini yenye rutuba yakapanda. Rutuba hiyo hulisha mwani, mwani ukalisha vijidudu, na vijidudu dagaa. Utafiti uliotoka mwaka 2003 ulieleza kuwa ziwa limepata joto, na maji ya joto juu yanakaa kama mfuniko: rutuba inabaki chini. Kufunga uvuvi hakuwezi kuondoa mfuniko huo.

Sokoni kambare na perege wa Malagarasi wamepanda bei kwa kuwa dagaa hawapo. Mto huu una bahati. Udongo mwingi unaobeba kutoka mashambani hutuama kwenye mabwawa ya Moyowosi, ardhi oevu ambayo mwaka 2000 ikawa ya kwanza ya Tanzania kuingizwa kwenye Mkataba wa Ramsar. Vijito vinavyoporomoka moja kwa moja ziwani havina chujio hilo. Tope lake hufunika miamba ambako samaki wa ufukweni hula na kutaga.

Kasulu, Jumamosi 17 Agosti

Ziwa limefunguliwa juzi, soko bado kavu. Mwezi utapevuka Jumatatu. Inabidi kusubiri giza.

Kasulu, Jumamosi 7 Septemba

Giza limeleta dagaa. Wateja walimzingira yule mama, na kopo limerudi mezani. Siwezi kupima hali ya ziwa kwa gunia la Kasulu. Hiyo ni kazi ya Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na ya nchi zote nne zilizosaini mkataba wa ziwa Dar es Salaam mwaka 2003, kwani dagaa wanaoachwa Kigoma wanaweza kuvuliwa ng'ambo.

Sehemu yetu ni kuzuia udongo usifike ziwani. Kwenye kikao cha kijiji nitasema wazi: wavuvi wamekaa miezi mitatu bila kipato, na sisi tunaolima milimani hatujaombwa chochote. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu au zenye madhara ndani ya mita 60 za mto. Tuondoe mihogo kingoni, tuchimbe makinga maji, tupande mabingobingo kwenye matuta, na tuanze kabla mvua za Oktoba hazijafika.