Jina Ling'aralo Gizani

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Methali hii nimeitafakari upya tangu nianze kudadisi jinsi ndege inavyotambuliwa angani, mahali ambapo jicho la mwongozaji aliye ardhini haliwezi kuyasoma maandishi ya ubavuni mwake.

Ndege ya abiria hubeba chombo kiitwacho transponda. Rada huuliza, nacho hujibu. Katika majibu yake mna mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni msimbo wa tarakimu nne, kila moja kati ya 0 na 7, ambao rubani hupewa na waongozaji na ambao huweza kubadilishwa hata safarini. Mathalani, 7500 hutangaza utekaji nyara, 7600 kukatika kwa mawasiliano ya redio, na 7700 dharura. Hiyo ni lakabu ya safari. La pili ni anwani ya biti 24, iandikwayo kwa alama sita, ambayo haipaswi kubebwa na ndege mbili kwa wakati mmoja. Hilo ndilo jina lenyewe.

Je, jina hilo hutoka wapi? Katika anwani 16,777,216 zinazowezekana, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeyatengea mataifa mafungu yao. Fungu la Kenya lina anwani 4,096, zote zikianza kwa 04C. Ndege ya Kenya ikiuzwa na kusajiliwa ng'ambo, huvuliwa anwani hiyo ikavishwa ya taifa jipya. Bawa ni lile lile, injini ni zile zile. Aliyebadilika ni mtoa jina.

Fikira hizi hunifikisha Kwale. Babu yangu alikuwa Mmakonde, mmoja wa waliotoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Kijiji kizima kilimjua kwa jina na kwa vinyago vyake vya mpingo. Hata hivyo, aliaga dunia bila nambari ya kitambulisho. Wamakonde walipotambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya mwaka 2017, yeye alikuwa amekwisha kuzikwa.

Sisi wanafunzi wa fasihi hupenda kuzilaumu nambari kwamba zinamvua mtu utu wake. Mimi nasita. Ndege isiyojibu haikomi kuwapo. Rada huweza kuiona kama nukta isiyo na jina. Ndivyo alivyoishi babu. Nambari haingekuwa utu wake, ila ingeufikisha utu huo benki na katika kituo cha kupigia kura, kwa watu wasiowahi kumwona akichonga. Jina alilopewa na mamaye lilitosha kijijini tu.

Kwa hiyo, wenzangu mnaohakiki suala la utambulisho, tusiishie kuuliza mhusika anaitwa nani. Tuulize pia ni nani amwitaye, na iwapo yuko tayari kulisikia jibu.